The Grass Is Blue: Dolly Parton bila drams

Leo nimeirudia The Grass Is Blue, albamu ya bluegrass (muziki wa Kimarekani unaopigwa kwa ala za nyuzi) aliyoitoa Dolly Parton, mwimbaji wa country wa Marekani, mwaka 1999. Ndugu zangu mnaopenda magitaa, isikilizeni kwa hedifoni. Spika ya simu humeza besi, na humu besi ndiyo nguzo, kwa sababu drams hakuna. Katika kila mapigo 4, mpiga besi Barry Bales anashika la 1 na la 3. Mandolini ya Sam Bush, ala ndogo ya nyuzi, inajibu kwenye la 2 na la 4 kwa mkato mkavu. Siri ya mkato huo ni mkono wa kushoto: vidole vinalegezwa mara tu nyuzi zinapopigwa, sauti inakatika palepale. Besi isiposikika, mnabaki na mikato mitupu na wimbo unaonekana unakimbia ovyo.

Banjo ya Jim Mills ina nyuzi 5 na inadonolewa kwa vidole 3: gumba, cha shahada na cha kati, vyote vimevalishwa kucha bandia. Ile sauti inayoteleza na kulia ni gitaa la Jerry Douglas, lenye koni ya chuma tumboni. Hulipiga likiwa limelala, akiburuta kipande cha chuma juu ya nyuzi.

Anzeni na Train, Train, uliojulikana zaidi kwa bendi ya roki ya Blackfoot, kisha I Still Miss Someone wa Johnny Cash. Wimbo uliobeba jina la albamu alitunga Dolly mwenyewe, na kwangu ndio unaozidi yote.