Mkanda wa Mini ya Mjomba

Mjomba hakutaka tundu hata moja kwenye boneti ya Mini yake, gari dogo la Kiingereza. Fundi wake wa magari wa mtaa wa Majengo alikuwa amemshauri zaidi ya mara moja atoboe na kufunga mkanda wa ngozi wa kuizuia boneti isifunguke, naye akajibu kwamba gari lililotoka kiwandani bila mkanda litazikwa bila mkanda.

Ilikuwa Mini ya mwaka 1966: vioo vya milango vya kusukuma nyuma na mbele, kamba ya kuvuta badala ya kitasa cha ndani, injini ya cc 848, magurudumu ya inchi 10. Septemba ya 2011 tuliondoka Mombasa alfajiri kwenda nayo Nairobi, kwenye Concours d'Elegance, mashindano ya magari yaliyotunzwa vizuri, katika uwanja wa mbio za farasi wa Ngong. Mjomba alikuwa ameipiga polishi wiki nzima, na shangazi alikwisha kuacha kumwita ndani kwa chakula.

Tulipita Mariakani, Samburu, Mackinnon Road. Hapo barabara hunyooka, nyika ya Taru imekuzunguka, na mtu hujikuta anaongeza mwendo bila kukusudia. Reli mpya ilikuwa haijajengwa, kwa hiyo malori ya makontena ya bandarini yalikuwa hayaishi. Lori linalokuja mbele yako husukuma upepo. Ndani ya basi hutausikia; ndani ya Mini, gari zima hucheza.

Kabla ya kufika Maungu likapita lori moja la kasi kuliko mengine, nikasikia mlio kama wa bati linalong'olewa paani. Barabara ikatoweka. Tulikuwa tukitazama upande wa ndani wa boneti, wenye michirizi ya rangi ambayo mpaka rangi aliona hakuna haja ya kuilainisha kwa kuwa nani ataiona.

Mjomba hakukanyaga breki kwa nguvu, maana nyuma yetu kulikuwa na basi. Alituliza usukani pale pale ulipokuwa, akaondoa mguu kwenye mafuta, akasema, "Mwanangu, niangalizie ukingo."

Mimi nilikuwa kiti cha kushoto, upande wa ukingo hasa. Lakini dirisha la Mini ile halishuki. Ukisukuma kioo unapata nusu ya nafasi tu. Nikapenyeza kichwa hadi masikio yakakwaruzika. "Sawa, Mjomba. Sawa. Kushoto kidogo. Kuna mbuzi. Sawa. Simama." Tukasimama juu ya changarawe, basi likapita likitupigia honi ndefu ya lawama.

Kioo cha mbele kilikuwa kimenusurika. Bawaba zilikuwa zimepinda, boneti imekunjika katikati, na ukingo wa paa umebonyea pale ilipojipiga. Kijana wa bodaboda akatuuzia kamba ya katani, kitu kisichoadimika sehemu hizo kwa kuwa mashamba ya Mwatate hayako mbali. Tukaifunga boneti kama mzigo, tukatambaa hadi Voi. Mjomba hakusema neno njia nzima.

Fundi tuliyempata Voi alikuwa mtu wa Land Rover, na hakuwa na haraka. Aliingiza kidole kwenye loki, akautikisa ulimi wake. Ulicheza. Springi ilikuwa imechoka, na bati lililoshikilia loki lilikuwa limeliwa na kutu ya chumvi ya pwani, likazibwa kwa puti na kupakwa rangi. Ndoano ndogo ya tahadhari, ile inayopaswa kuizuia boneti loki ikiachia, ilikuwa imelala upande.

"Bawaba ziko nyuma, mdomo uko mbele," akatuambia. "Upepo unaingia kwenye grili na kusukuma kutoka chini, na huku juu upepo unapita kwa kasi na kuivuta. Land Rover nayo hufunguka hivyo hivyo, lakini wengi huweka gurudumu la akiba juu ya boneti. Nani ataliinua? Hii yenu ni bati tupu." Jambo ambalo hakulitaja, nami nimelijua baadaye, ni kwamba mwendo ukiongezeka maradufu nguvu ya upepo huwa mara nne. Ndiyo maana loki iliyochoka huvumilia mjini miaka na miaka, kisha ikakusaliti siku ya safari.

Tangu hapo naitazama mikanda kwa jicho jingine. Zile Bentley za miaka ya 1920 zilizoshinda mbio za saa 24 za Le Mans zilivaa mikanda ya ngozi juu ya boneti kwa sababu chasisi zao zilijipinda barabarani na injini zilitetemesha kila kitu. Mini za mashindano ya rali za miaka ya 1960 zilivaa pia, na hata leo kanuni za FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari, hutaka vifungio viwili vya ziada. Kwenye Triumph Herald nitakubali kuwa ni pambo: bawaba za boneti yake ziko mbele, kwa hiyo upepo huikandamiza. Wenye Herald hukasirika nikiwaambia.

Fundi aliinyoosha boneti kwa nyundo na kipande cha mbao. Mshona viatu jirani akashona mkanda wa ngozi ya ng'ombe, akaweka bizimu na kipande cha mpira chini yake ili lisichubue rangi. Fundi alipowasha drili, Mjomba alitoka akasema anatafuta chai, ingawa kikombe chake kilikuwa bado kimejaa.

Ngong hatukufika. Tulirudi Mombasa siku ile ile, na fundi wa Majengo alipouona mkanda hakumcheka. Aliuzunguka, akauvuta, akauliza mbona bizimu liko upande wa kushoto, dereva si atalazimika kulizunguka gari kila mara?

"Hiyo ni kazi ya abiria," Mjomba akajibu.