Jerikeni peke yake bado si wazo

Mpe mchoraji makala kuhusu shida ya maji Kampala, na kitakachomjia kwanza ni bomba kavu na jerikeni ya njano. Hata wewe umeshaiona kichwani. Hicho ni kitu tu. Wazo huanza pale kitu kinapokaa mahali ambapo msomaji hakukitarajia, na mahali hapo pakawa na maana.

Kabla ya kuchora, iandike habari nzima kwa sentensi moja yenye mtu, anachotaka na kinachomzuia: msichana anataka kuwahi darasani, lakini foleni ya maji haisogei. "Maji ni uhai" haifai, kwani haina mtu wala kizuizi; utaishia kuchora tone linalotabasamu, na hayo tunayo ya kutosha.

Sasa orodhesha vitu vya maji upande mmoja wa karatasi, vya shule upande wa pili, kisha uvioanishe, hata kama ndoa nyingine ni za kipuuzi. Karatasi ya A4 ukiikunja mara tatu inakupa visanduku 8. Chora kila jozi katika kisanduku chake, ujaze karatasi tatu. Tumia kalamu ya wino mnene. Penseli iliyochongwa vizuri hukushawishi uchore vifungo vya shati wakati hujui shati ni la nani. Visanduku vya mwanzo huwa na yaleyale ambayo kila mtu angechora. Vipite tu, uendelee.

Tuseme kimoja kinaonyesha jerikeni imekaa kwenye dawati la mwanafunzi. Inavutia. Mwonyeshe kwa sekunde tano mtu ambaye hajasoma makala, kisha muulize kuna nini. Akijibu kwamba shule haina maji, picha imekwenda kombo: mahali ni darasa, basi na shida imekuwa ya darasa. Igeuze. Rudi bombani, ambako jerikeni hupangwa kwenye mstari zikiwashikia wenyewe nafasi, na kati ya jerikeni sita weka begi la shule. Mwenye begi yuko wapi, na saa hii alipaswa kuwa wapi? Msichana usimchore. Ukimweka pale na uso wa huzuni, umeshamjibia msomaji.

Maandishi nayo yapunguze. Mchoro huohuo huenda ukabandikwa kama bango Gulu, Mbale na Mbarara, na lugha za nyumbani huko ni tofauti kabisa. Ukijikuta unaandika jina juu ya kila kitu, wazo halijaiva.

Kisha, kwa jaribio tu, ondoa rangi zote na upunguze mchoro hadi upana wa sentimita 3, maana wengi watauona kwenye simu. Njano ni rangi nyepesi, hivyo mbele ya ukuta mweupe jerikeni hupotea. Nyuma yake weka udongo mwekundu wa wastani, na begi liwe la bluu iliyokolea: nyepesi, kati, nzito. Tofauti hiyo ndiyo inayolifanya jicho lisimame kwenye begi.

Kama kazi inakwenda kuchapwa Nasser Road, mtaa wa wachapaji Kampala, geuza rangi ziwe za CMYK (mfumo wa wino nne za uchapaji) mapema, kwa sababu bluu kali ya skrini hufifia kwenye karatasi, na acha milimita 3 za ziada kila upande kwa ajili ya kisu cha kukatia karatasi. Picha ikienea kurasa mbili, sogeza begi kulia kidogo. Katikati ndipo penye mkunjo, na mkunjo utalimeza.