Jinsi nilivyothibitisha pakiti zimepunjwa

Wateja wangu hapa Kongowea walinung'unika kuwa pakiti za mchele za kilo 2 ni nyepesi. Swali likawa la upande mmoja tu. Nyongeza nani atailalamikia? Nadharia tete ya msingi, yaani dai la kuanzia ambalo vipimo vitalijaribu: wastani wa pakiti zote ni gramu 2000. Mbadala: uko chini ya 2000. Niliyaandika haya kabla ya kugusa mizani, maana ukishaona namba utajipendelea.

Pakiti 16, nilizochomoa bila kuchagua, zilitoa wastani wa 1988 na mkengeuko sanifu (jinsi uzito unavyotawanyika kuuzunguka wastani) wa 20. Gawa 20 kwa kipeuo cha pili cha 16: 5, kadirio la jinsi wastani wa pakiti 16 unavyoyumba kwa bahati tu. Kisha gawa pengo la 1988 na 2000, yaani −12, kwa 5: −2.4. Mpaka wa asilimia 5, upande wa kushoto pekee, ni −1.753 kwenye jedwali la t: kama wastani ni 2000 kweli, bahati hushuka chini ya hapo mara 5 tu kwa 100. Tumeuvuka, basi dai la 2000 tunalikataa. Msambazaji alisoma karatasi, akaguna, akabadilisha mzigo.