Soma namba kwanza: kujadili habari za biashara, afya na teknolojia na wanaojifunza Kiingereza Lubumbashi

Andika 96,600 ubaoni, kisha waombe wanafunzi waisome kwa Kiingereza. Hapa Lubumbashi, ambako masomo mengi yamepita kwa Kifaransa, wengi watasoma tisini na sita nukta sita, kwa sababu katika Kifaransa koma ndiyo inayotenga desimali. Namba yenyewe ni tani za kobalti, madini ya kutengenezea betri, ambazo Kongo imepanga ziuzwe nje mwaka 2026, na kiasi hichohicho mwaka 2027. Aliyeisoma vibaya amekosea mara elfu moja. Sarufi yake inaweza kuwa safi kabisa na bado asiwe na la kujadili, maana anazungumzia jambo jingine.

Ndiyo maana somo la kujadili habari za siku lianze na namba, si na maoni. Watu wazima wanaokuja kujifunza Kiingereza mjini hapa hawakosi maoni: fundi wa mgodi, mama anayevusha bidhaa Kasumbalesa, mpakani na Zambia, muuguzi, kijana wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi (UNILU), kila mmoja anayajua mambo ya kazi yake kuliko mwalimu. Wanachokosa ni namba wanazoweza kuzitamka bila kusita, maneno kumi na mawili hivi ya jambo lenyewe, na swali linalodai uamuzi. Vikipatikana hivyo vitatu, mazungumzo yanajiendesha.

Kwenye namba kuna mitego mitatu. Wa kwanza ni huo wa koma. Wa pili ni "billion". Kifaransa kinaita "milliard" kile ambacho Kiingereza kinaita "billion", na "billion" ya Kifaransa ni milioni ya milioni. Mtu anayetafsiri habari ya mkataba asipoliangalia hilo, anakosea tena mara elfu. Mtego wa tatu uko masikioni: "fifteen" na "fifty", "thirteen" na "thirty". Mkazo wa "fifty" uko mwanzoni na mwisho wake ni mfupi. "Fifteen" hurefusha mwisho na kuukazia. Sisi tunaotoka kwenye Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo zote mbili hutoka kama "fifty". Kwenye tani huenda mtu akakuuliza tena. Kwenye miligramu za dawa, huenda asiulize. Zoezi zuri ni kufungua kibodi ya sauti ya simu, kuiweka kwenye Kiingereza, na kusema "fifteen milligrams" mara tano. Simu itaandika ilichosikia, na haina aibu wala upendeleo. Pakua lugha hiyo mapema penye Wi-Fi, simu nyingi huweza kufanya kazi hiyo hata mega za intaneti zikiisha.

(Jambo moja linatusaidia: kwa kuwa tulirithi "septante" na "nonante" za Wabelgiji, "seventy" na "ninety" hazimsumbui mtu hapa.)

Biashara ndiyo yenye mengi, na kobalti inatosha kwa wiki tatu. Matukio yenyewe ni mafupi na yana tarehe: tarehe 22 Februari 2025 serikali ilisimamisha uuzaji wa kobalti nje ya nchi kwa sababu soko lilikuwa limejaa na bei imeanguka, katazo likaongezwa muda mwezi Juni, kuanzia tarehe 16 Oktoba ukaja mfumo wa mgao, yaani kikomo cha tani za kuuza nje: tani 18,125 kwa miezi iliyobaki ya mwaka huo. Andika makala yako mwenyewe ya maneno 150 hadi 180 juu ya hayo. Maneno mapya yasizidi matano katika kila mia. Yakifika kumi, wanafunzi huacha kusoma na kuanza kufasiri neno moja moja, na nusu ya somo imekwenda. Chapisha kwenye karatasi. Umeme wa jioni usiutegemee.

Kisha wape hesabu ya vipimo. Bei ya shaba kwenye soko la metali la London hutajwa kwa dola kwa tani, lakini ya kobalti mara nyingi hutajwa kwa dola kwa ratili. Tani moja ina ratili 2,204.6. Dola 15 kwa ratili ni sawa na dola 33,069 kwa tani. Waache waifanye kwa sauti, wawili wawili, kwa Kiingereza tupu: "times", "equals", "per pound", "per tonne". Dakika kumi za kazi hiyo zinafungua mdomo kuliko nusu saa ya kanuni.

Swali la mjadala lisiwe "What do you think about cobalt?" Hilo huzaa kimya, au hotuba ya mtu mmoja. Uliza hivi: kampuni yenu ina tani 200 ghalani, mgao wenu ni tani 120, na wateja wawili wanasubiri tani 100 kila mmoja. Mtampa nani, kiasi gani, na yule mwingine mtamwandikia nini? Watu wanne kwa kundi, dakika 20, na mwisho kila kundi lisome barua yake. Hapo "we can only supply", "the balance", "unless" na "as long as" zinahitajika kweli, na neno linalohitajika ndilo linalobaki kichwani.

Sikiliza kwa makini maneno yanayofanana na Kifaransa. Baya kuliko yote kwa biashara ya Lubumbashi ni "delay". Mtu anaandika "The delay is 30 days" akiwa na "délai" kichwani, yaani muda wa kuleta mzigo ni siku 30. Mzambia upande wa pili wa mpaka anasoma kwamba lori limechelewa siku 30, na anaanza kutafuta muuzaji mwingine. Neno analotafuta ni "lead time", au "deadline" kama ni siku ya mwisho. "Benefit" si faida ya fedha, hiyo ni "profit". "Society" si kampuni. "Eventually" haina maana ya "huenda". Maana yake ni "hatimaye", kwa hiyo "we will eventually pay" ni ahadi ya kulipa, tena ya kulipa kwa kuchelewa. Na kwa wenye kazi ya usafirishaji: "detention charges" haihusu gereza. Ni gharama ya kukaa na kontena nje ya bandari kupita muda uliokubaliwa, jambo la kila siku kwa mizigo ya Dar es Salaam na Durban.

Afya inataka mkono mwepesi zaidi. Usimwombe mtu aeleze ugonjwa wake au wa nyumbani kwake mbele ya darasa. Tumia mgonjwa wa kubuni. Kazi ninayoipendekeza kuliko zote ni maji ya chumvi na sukari kwa anayeharisha, kwa kuwa kipindupindu hurudi mara kwa mara katika Katanga na kila mtu ana sababu ya kuyajua. Kipimo ni vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi katika lita moja ya maji safi, vijiko vikiwa vimesawazishwa. Pakiti ya kituo cha afya ni bora ikipatikana, na mgonjwa wa kipindupindu apelekwe kituoni bila kungoja; mchanganyiko huu ni wa njiani na wa pale pakiti inapokosekana.

Leta chupa ya lita moja na nusu, sukari, chumvi, kijiko kidogo na kijiko kikubwa. Mwanafunzi mmoja anatoa maelekezo kwa Kiingereza, mwingine anatenda hasa kile anachosikia, bila kusaidia. Makosa yataonekana mezani. Atakayefikiri kwa Kifaransa atasema "coffee spoon", kumbe Kiswahili kingemwongoza sawa: kijiko cha chai ni "teaspoon". Akisema "tablespoon" kwa chumvi, ameweka mara tatu, kwani kijiko kikubwa ni mililita 15 na kidogo ni 5, na chumvi ikizidi hivyo inamdhuru mtoto. Asiposema "level", mwenzake atajaza kijiko mlima. Na kwa chupa ya lita moja na nusu lazima wahesabu upya: vijiko tisa vya sukari na robo tatu ya kijiko cha chumvi, "three quarters of a teaspoon". Mwage mchanganyiko wowote uliokosewa, usionjwe kwa utani.

Lugha ya mgonjwa nayo ina mitego yake. "She has tension" haieleweki kwa daktari wa Ndola, Zambia. Ni "high blood pressure". "He has sugar" ni "diabetes". "I saw the medicine" hutoka kwa "médecin", na anayekusudiwa ni "doctor". "Physician" ni daktari, si mwanafizikia. Mkebe wa chakula ukiandikwa "no preservatives", hauzungumzii kondomu, ambayo ni "préservatif" ya Kifaransa. Lifafanue bila kucheka, kwa sababu kicheko cha mwalimu humfanya mtu asiulize tena.

Ukitaka mjadala wa afya wenye uzito, chukua jina la ugonjwa wa mpox. Mgonjwa wa kwanza kutambuliwa kati ya binadamu alikuwa mtoto hapa Kongo, mwaka 1970. Mwezi Novemba 2022 Shirika la Afya Duniani liliacha jina la zamani lililotaja nyani na kuchagua "mpox", kwa kuwa lile la kwanza lilikuwa likitumiwa kuwadharau watu. Tarehe 14 Agosti 2024 shirika hilo lilitangaza dharura ya kimataifa, baada ya aina mpya kuenea kutoka Kivu Kusini, na likaiondoa tarehe 5 Septemba 2025. Swali: je, jina la ugonjwa linaweza kumzuia mtu kwenda hospitali? Kila mwenye jibu atoe sababu moja, akianza na "because", na anayempinga arudie kwanza alichosikia: "You are saying that..." Kanuni hiyo ya kurudia hupunguza kelele na kuwapa nafasi wasemao taratibu.

Kwa teknolojia nitakuwa mfupi. Kuna betri za magari ya umeme zinazotumia chuma na fosfati, zisizo na kobalti hata kidogo, na kwa mji wetu hilo si swali la mbali. Lingine ni mashine za kutafsiri. Waandike "Anaendesha lori", "Anapika bukari" (ugali) na "Anaongoza kampuni", waone mashine itachagua "he" wapi na "she" wapi, kisha wajadili imepata wapi uchaguzi huo. Faida ni mbili, kwa sababu kuchanganya "he" na "she" ni kosa letu pia: kiambishi a- hakitofautishi mume na mke. Roboti za mazungumzo nazo huweza kutunga takwimu, kwa hiyo takwimu yoyote iliyotoka huko isiingie darasani kabla ya kuonekana katika vyanzo viwili vingine. Na maneno ya kila siku: unite zikiisha ni "airtime", mega ni "data", rezo ni "network".

Kusahihisha kufanyike baadaye. Mtu anapoongea, andika kosa daftarini bila jina, halafu dakika 15 za mwisho weka sentensi sita ubaoni na kundi lizirekebishe. Baba mwenye miaka 55 aliyekaa na vijana wa umri wa binti zake hatarudi wiki ijayo ukimkatiza mbele yao. Mkubwa wa kazi na mfanyakazi wake wasikae kundi moja. Wenye kazi migodini watumie habari zilizokwisha kutangazwa tu, wasiulizwe ya ndani ya kampuni zao.

Kesho yake kila mtu atume sauti ya sekunde 60 kwa WhatsApp yenye namba tatu za somo. Ukisikia tena tisini na sita nukta sita, mjibu kwa sauti ya "ninety-six thousand, six hundred", na umwombe aitume upya.