Nilivyowapata walimu wa karate wa kuwaachia wanangu

Klabu za karate hazikosekani Mombasa. Shida ni kumpata mwalimu wa kumwachia mtoto. Binti yangu alikuwa gredi ya tatu, mpole kupita kiasi, akinyang'anywa kitu ananyamaza. Mdogo wake wa kiume hatulii hata akiwa anakula. Nilitaka mahali pamoja pa kuwafaa wote wawili, na mimi mzazi nisiwekwe nje ya mlango.

Kwa hiyo nilijiwekea sharti: nitazame darasa zima, mwanzo mpaka mwisho, kabla sijaulizia ada. Klabu moja niliambiwa wazazi hawakai ndani kwa sababu watoto hudeka wakiwaona. Nikashukuru, nikaenda zangu. Huenda mafunzo yao ni mazuri, lakini mimi mtoto wangu simwachi mahali nisipoweza kumwona.

Tuliyoishia nayo iko Tudor, katika ukumbi wenye madirisha mapana, na kwa joto la kaskazi madirisha hayo ni neema. Ukutani kuna benchi la wazazi. Walimu ni wawili, mwanamume na mwanamke, wote mkanda mweusi, na watoto huwaita sensei. Siku ile mateke ya wakubwa sikuyajali. Macho yangu yalikuwa kwa yule mtoto aliyekuwa nyuma kuliko wenzake wote.

Walikuwa wakifanya Heian Shodan. Hiyo ni kata, yaani mfululizo wa kinga na mapigo uliopangwa, na mara nyingi ndiyo ya kwanza wanayofundishwa wanafunzi wa Shotokan, mtindo mmoja wa karate. Ina hatua 21, na ya kwanza ni kugeukia kushoto na kukinga chini. Kijana mmoja kila mara akigeukia kulia. Sensei hakumwita jina wala hakumpigia kelele. Alikwenda akasimama ubavuni mwake, akatazama alikotazama yeye, akageuka naye taratibu. Kisha akaliambia darasa zima lirudie, na hakuna aliyejua linarudia kwa ajili ya nani. Upande wa pili, sensei wa kike alitaka kumrekebisha msichana kiwiko. Akamuuliza kwanza, "Nikushike mkono?" Akangoja mpaka mtoto aitikie. Hapo roho yangu ilitua.

Bado nilikuwa na mama mkwe wa kumridhisha. "Mtoto wa kike na mateke, wapi na wapi?" Sikubishana naye, nilimwomba tu tufuatane akaone mwenyewe. Alipoketi, sensei alimjia pale pale kwenye benchi: "Shikamoo, bibi." Akamwonyesha jinsi kata ile inavyoanza kwa kukinga, akamwambia kuwa Gichin Funakoshi, aliyeitoa karate kisiwani Okinawa, Japani, akaionyesha Tokyo mwaka 1922, alifundisha kwamba katika karate hakuna kuanza kumshambulia mtu. Funakoshi alikuwa mwalimu wa shule, na mama mkwe, aliyesomesha watoto chuo cha Kurani miaka mingi, alilishika sana hilo. Akauliza habari ya mavazi. Gi, vazi la karate, ni pana, ina mikono mirefu, suruali inafika chini, na mtandio unaruhusiwa hata katika kanuni za shirikisho la dunia. Sensei wa kike akamtajia Feryal Abdelaziz, aliyeshinda dhahabu ya karate katika Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021 na kuwa mwanamke wa kwanza wa Misri kupata dhahabu ya Olimpiki. Tulipokuwa tukirudi, bibi ndiye aliyekuwa akimsimulia mjukuu wake.

Maswali yangu mengine yalikuwa ya kawaida. Mtihani wa mkanda unalipiwa kando? Ndiyo, na wakaniambia kiasi mapema. Watoto wanaanza lini kupigana wawili wawili? Wadogo huanza kwa hatua zilizopangwa, pigo linasimamishwa kabla ya kufika mwilini, na kumite ya huru, yaani kupigana bila hatua zilizopangwa, inangoja mpaka waweze kujizuia. Darasa la Jumamosi huanza baada ya alasiri, kwa hiyo haligongani na chuo cha asubuhi. Ramadhani mazoezi hupunguzwa, yakabaki ya kunyoosha viungo na kata za polepole.

Baadaye na mimi nikaingia, maana kuna darasa la familia. Mstari hupangwa kwa mkanda, si kwa umri, kwa hiyo binti yangu husimama mbele yangu. Tukiwa wawili wawili ananikumbusha: "Mama, mkono mwingine urudishe kiunoni." Ni kweli, pigo halina nguvu mkono wa pili ukining'inia tu. Sensei hunirekebisha kwa sauti ile ile anayotumia kwa watoto, na hilo nalipenda. Naona pia kwamba mwanangu anapomsikia mama yake akirekebishwa na kuitikia "osu", kiitikio cha heshima cha karate, naye harekebishwi kwa shida.

Mzazi akiniuliza, namwambia akae darasa zima, amtazame mwalimu wakati wa kupumzika na kunywa maji, maana wakati huo ndio utaona kama watoto wanamkimbilia au wanamkwepa. Kwetu wanamkimbilia.

Yule wa kiume bado hajatulia. Sensei amempa kazi ya kuhesabu kwa Kijapani, ichi, ni, san, shi, darasa zima likifuata sauti yake, na akiwa anahesabu husimama wima mpaka kumi itimie. Binti amesonga mbele hadi Heian Nidan, kata inayofuata, ambayo ina hatua 26. Mimi ningali kwenye Shodan, na mtihani ujao nimejiandikisha.