Utaitwa Zuhura Nani?

Kwenye bonde la Ogwen, kaskazini mwa Welisi, kina Jones, Williams na Roberts ni wengi mno hata jina la ukoo halimtambulishi mtu. Uliza habari za Gwilym Jones dukani Bethesda, utaulizwa yupi. Sema Gwilym Tŷ Coch, yaani wa Nyumba Nyekundu, utaelekezwa mpaka mlangoni, na njiani usimuliwe maradhi ya goti lake. Kwa hiyo tuliponunua nyumba na mume wangu akataka tuibadilishe jina, mavyaa hakuuliza nyumba itaitwaje. Alinigeukia mimi: "Wewe unataka kuitwa Zuhura nani?"

Waliotuuzia walikuwa wakija likizo tu, na nyumba walikuwa wameipa jina la Kiingereza lenye waridi ndani yake. Waridi lenyewe hatukuliona hata mti. Huku majina ya nyumba ni kidonda. Sensa ya 2021 ilikuta wanaosema Kiwelisi ni asilimia 17.8 tu ya watu wa Welisi, na hata hapa Gwynedd, ngome yake, ni asilimia 64.4. Kibao cha zamani kikitolewa kikawekwa cha Kiingereza, bonde zima linajua kabla ya jioni. Sisi tulikuwa tunarudisha Kiwelisi, basi nikadhani tutapongezwa. Wapi! Kila aliyekuja kunywa chai alikuja na kasoro.

Mkaguzi mkuu alikuwa mavyaa. Mume wangu alianza na Awel y Môr, Upepo wa Bahari. Akaambiwa bahari haionekani hata ukipanda juu ya paa. Bodlondeb, Kuridhika? Ni majivuno, watu watasema tumeridhika na nini. Gorffwysfa ni Mahali pa Kupumzika, na mimi mwenyewe nilikataa kabla yake, maana kwetu anayesemekana amepumzika ameshafanyiwa hitima. Mume wangu akajaribu Hafod, akijua mama yake ni mtoto wa wafugaji. Zamani familia zilikuwa na nyumba mbili: hendre ya bondeni kwa majira ya baridi, na hafod ya mlimani walikohamia na ng'ombe wakati wa joto. Mavyaa akatikisa kichwa. "Hafod ni ya wanaokaa kiangazi peke yake. Hao si ndio waliowauzia nyumba?"

Mama yangu, kule Tanga, hakuelewa hata tunachogombania. Ngamiani, alikonizalia, barabara zinaitwa kwa namba, na nyumba unaielekeza kwa msikiti ulio karibu au kwa jina la mwanao wa kwanza. "Kwani hiyo haina namba?" akaniuliza kwenye simu. Haikuwa nayo. Nyumba zilizojitenga huku mara nyingi zina jina tu, na posta inaishi kwa jina hilo.

Na bonde hili lina kumbukumbu ndefu. Wakati wa mgomo wa wachimba mawe wa Penrhyn, kuanzia 1900 hadi 1903, wagomaji walibandika karatasi madirishani: Nid oes bradwr yn y tŷ hwn, hakuna msaliti katika nyumba hii. Aliyerudi kazini aliitoa yake, na barabara nzima ikajua. Mavyaa alinisimulia hayo akimenya viazi, kana kwamba ni habari za juzi.

Yeye ndiye aliyesema tutazame ramani. Sheria ya 1836 iligeuza zaka ya kanisa, iliyokuwa ikitolewa kwa mazao, ikawa ya fedha, na ili kujua nani adaiwe nini, wapimaji walichora ardhi konde kwa konde. Mara nyingi waliandika na jina la kila konde. Maktaba ya Taifa ya Welisi, iliyoko Aberystwyth, imezitia ramani hizo kwenye intaneti, bure. Nyumba yetu ilijengwa miaka ya 1950, basi tulitafuta konde iliyojengwa juu yake. Mume wangu alisogeza picha, akakuza, akafuata ukuta wa mawe ambao upo mpaka leo, kisha akanyamaza.

Cae Moch. Konde la Nguruwe.

Mavyaa alicheka mpaka akaondoa miwani. Ni jina la asili, akasema, halina kasoro hata moja! Nikajiona dukani, mtandio kichwani, naitwa Zuhura Cae Moch mbele ya foleni. Mama wa Tanga hakuambiwa, na mpaka leo hajui.

Lakini konde ya pili, ng'ambo ya ukuta, iliandikwa Cae'r Ffynnon, Konde la Chemchemi. Hapo ndipo nilipojua kwa nini uani kwetu hapakauki. Maji yalikuwa yanapita chini ya ukuta na kutokeza nyuma ya banda la kuni, na pale majani huwa mabichi hata mwezi wa Julai. Mume wangu akasema konde ni ya jirani, jina si letu. Mama yake akajibu kwamba maji yameshachagua upande. Tukaenda kwa jirani, mzee wa kondoo. Alifikiri kitambo, akakubali kwa sharti moja: mume wangu auzibue mtaro, maana miaka yote wale wa likizo hawakuugusa.

Halmashauri haikutusumbua. Tulijaza fomu, tukalipa ada, wakahakikisha hakuna nyumba nyingine ya karibu yenye jina hilo.

Kazi ikabaki kwa mchonga mawe. Kibao cha sleti, bei kwa herufi. Akahesabu kumi na moja. Mavyaa akahesabu kwa vidole, polepole, akapata kumi, kwa kuwa katika alfabeti ya Kiwelisi Ff ni herufi moja.

"Patasi yangu inakata mbili," mchongaji akasema.

"A, b, c, ch, d, dd," mavyaa akaanza kumsomea, kidole juu kama mwalimu wa chekechea, "e, f, ff. Nani alikufundisha kusoma?"

Tulilipa kumi, na ile koma ya juu akaitia bure. "Siku nyingine," aliniambia akiniandikia risiti, "njoo peke yako."