Kumbukumbu ya mradi: kuzungumzia picha ya mwenzako, Kigoma

Mwishoni mwa Oktoba

Kikundi chetu cha wapiga picha wa simu kimetulia sasa. Tunakutana eneo la Mwanga, hapa Kigoma, Jumapili jioni, kila mtu na picha moja tu. Ninachokitafuta katika mradi huu ni kwamba mtu akishasikia maoni yetu, arudi nyumbani akijua cha kufanya kesho kwa simu ileile aliyonayo. "Nzuri sana, hongera" haimsaidii. "Haina mvuto" ni mbaya zaidi, maana hiyo inamfanya asije tena.

Tumekubaliana hivi: mwenye picha anaeleza kwanza alitaka tuone nini, kisha sisi tunasema macho yetu yalikimbilia wapi. Yasipolingana, hapo ndipo pa kuanzia mazungumzo.

Dada mmoja anayeuza chakula alileta ugali wa muhogo na mgebuka wa mawese. Alitaka tuone mawese. Sisi tukaona bluu: ugali una bluu, sahani ina bluu, mafuta yamegeuka kahawia. Kijana mmoja akaanza, "Dada, simu yako hiyo..." nikamzuia, kwa sababu simu haikuwa na kosa lolote. Banda lake limefunikwa turubai la bluu, na mwanga wote unaofika mezani umepita humo. Nikamwomba jambo moja: asogeze sahani hadi ukingoni mwa banda, bado ikiwa kivulini, mwanga uingie kutoka ubavuni, na flashi aizime. Flashi ya simu inapiga kutoka mbele, inafuta vivuli vidogo vinavyoonyesha umbo, na tonge la ugali linabaki kama karatasi.

Jumapili iliyofuata akaja na picha ambayo mafuta yanang'aa juu ya mgongo wa samaki, yana rangi yake halisi ya mawese, na vipande vya kitunguu vinaonekana kimoja kimoja. Kijiko kilikuwa kimekatwa nusu pembeni, lakini hilo sikuligusa siku hiyo. Nimeona mtu akipewa mambo matano kwa mpigo, anaondoka na lile lililomuuma tu.

Novemba

Mikrismasi, ile miti ya maua mekundu, imechanua, kwa hiyo maua yametujaa. Karibu kila picha ilikuwa na tatizo lilelile: doa jekundu lisilo na petali. Hapa nilichukua muda mrefu, kwa sababu kusema tu "imeungua", yaani mwanga umezidi, hakumfundishi mtu. Kihisi cha kamera kinapima nyekundu, kijani na bluu kila moja peke yake. Kwenye ua jekundu lililopigwa na jua, nyekundu inajaa hadi mwisho wakati zile nyingine bado ziko chini, na simu inaweza kudhani mwanga ni wa kawaida. Mishipa na mikunjo ya petali inapotea, na ukishapiga hivyo, kuhariri baadaye hakuwezi kuirudisha.

Kwa hiyo maoni yakawa ya mkononi kabisa: gusa ua kwenye skrini, kisha shusha mwanga kwa kidole mpaka petali zianze kutengana. Au subiri wingu, ambalo msimu huu halikosekani. Mwalimu mmoja alifanya hivyo, na kwa mara ya kwanza tukaliona vizuri lile petali la tano la mkrismasi, lile linalosimama juu likiwa na weupe na madoadoa, wakati manne mengine ni mekundu matupu. Amepita chini ya mti huo miaka yote, na alifurahi kweli. Mimi pia.

Desemba

Watoto ndio wagumu zaidi, na si kwa sababu ya kamera. Tuna masharti: picha iletwe na mzazi au mlezi, au yeye awe ameridhia, jina la shule lisionekane kwenye sare, na hakuna anayebaki na nakala kwenye simu yake.

Baba mmoja alileta picha ya bintiye ufukweni Kibirizi. Mama mmoja akasema, "Mtoto katoka mweusi." Nikaomba tuliseme upya, kwa sababu maneno hayo yanamgusa mtoto na baba yake, wakati kilichopungua ni mwanga usoni. Nyuma yake ziwa lilikuwa linameta, simu ikapima mng'ao ule na kuipunguzia picha nzima mwanga. Tena ilipigwa saa saba mchana. Sisi tuko magharibi sana ya nchi lakini saa zetu ni za Dar es Salaam, kwa hiyo jua letu la utosi liko karibu na saa saba, si saa sita. Saa hiyo macho yanakuwa mashimo ya kivuli.

"Kaka, ulitaka tuone nini?"

"Pengo. Kang'oka jino la mbele, anacheka na kila mtu."

Alikuwa amesimama mbali, simu ikiwa juu ya kichwa cha mtoto. Tukampa jambo moja tu: achuchumae, amsogelee mpaka uso ujaze fremu. La mwanga nililiacha. Amerudi na picha ya chini ya mwembe, na pengo lipo katikati kabisa, ulimi umechungulia. Kivuli cha mwembe alikichagua mwenyewe.

Tatizo tulilonalo sasa ni picha za jioni. Jua hapa linazama karibu saa moja, mwanga unakuwa mzuri kuanzia saa kumi na moja na nusu, lakini watoto hawatulii na mwanga ukipungua simu inatumia muda mrefu zaidi kupokea mwanga wa picha moja, hivyo mikono inatoka na ukungu. Kazi ya Jumapili ijayo: kila mtu apige kitu kilekile mara mbili, saa saba na saa kumi na mbili jioni, bila flashi. Dada wa mgebuka kachagua dagaa walioanikwa. Wanang'aa kama bati, kwa hiyo nimemwambia apige jua likiwa ubavuni mwake, ashushe mwanga kidogo, na atuletee zote mbili hata kama moja haikumpendeza.